UCHAMBUZI: Jenerali wa mizinga ya pwani na funzo la ufuo uliosahaulika

MNAMO Machi 7, 2024, Uswidi ilijiunga rasmi na muungano wa kujihami wa Nato, na hivyo kuizika sera ya kutofungamana na upande wowote kijeshi ambayo taifa hilo la kaskazini mwa Ulaya lilikuwa limeishikilia kwa takriban miaka 200.

Macho ya ulimwengu yalielekezwa kwa bendera mpya iliyopandishwa jijini Brussels na kwa hasira zilizotarajiwa kutoka Moscow. Hata hivyo, wafuatiliaji wa masuala ya ulinzi walikuwa wameziona dalili za mgeuko huo miaka kadhaa kabla. Mnamo 2018, Uswidi ilikifufua kikosi cha kisiwa cha Gotland, kilichokuwa kimevunjwa 2005. Mnamo Oktoba 2021, ikakifufua kikosi cha wanajeshi wa pwani katika jiji la bandari la Göteborg, ambacho nacho kilikuwa kimevunjwa kutokana na uamuzi ule ule wa bunge wa Desemba 2004.

Taifa linapoijenga upya nyumba lililoibomoa kwa mikono yake lenyewe, ni sharti watu waulize ni nani aliyeshika nyundo, na kwa nini.

Mkuu wa Majeshi ya Uswidi wakati vikosi hivyo vilipofungwa alikuwa Jenerali Håkan Syrén. Na hapa ndipo penye kinaya. Syrén hakuwa afisa wa vifaru wala rubani wa ndege za kivita ambaye angeweza kudhaniwa kuwa hakuijua thamani ya ufuo. Alikuwa mwana wa kikosi cha mizinga ya pwani, kilichoishi kwa ajili ya kazi moja tu: kuhakikisha adui hatui pwani ya Uswidi. Tangu wadhifa wa Mkuu wa Majeshi ulipoundwa mnamo 1939, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuushika akitokea upande wa wanamaji.

Safari yake ya kikazi inastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu inabeba swali ambalo kila taifa lenye bahari, Kenya ikiwemo, hulazimika kulijibu. Ulinzi wa nchi huanzia wapi? Je, huanzia ufuoni, pale wavuvi wanapoegesha vyombo vyao, au huanzia katika bahari za mbali ambako hatari huzaliwa?

MIZINGA NDANI YA MIAMBA

Syrén alizaliwa Januari 1952 mjini Växjö, kusini mwa Uswidi, na akiwa kijana akaingia katika kikosi cha mizinga ya pwani. Ili kuelewa kilichomlea afisa huyu, ni muhimu kwanza kukielewa kikosi chenyewe.

Jiji kuu la Stockholm halitazamani na bahari wazi. Mbele yake yametandazwa makumi ya maelfu ya visiwa na miamba, na meli yoyote inayotaka kulifikia hulazimika kupenya katika mikondo myembamba. Mandhari hayo ni ngao, lakini ni ngao yenye matundu. Mnamo 1719, kikosi cha majini cha Urusi kiliingia katika visiwa hivyo na kuteketeza vijiji na mashamba ya pwani. Kumbukumbu ya moto huo haikufutika. Vizazi vingi baadaye, wakazi wa visiwani bado walisimuliana jinsi mababu zao walivyokimbilia msituni na kuyatazama makazi yao yakigeuka majivu.

Kutokana na funzo hilo, Uswidi iliwekeza katika ngome. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya Vaxholm, ambayo ilianza kujengwa katika karne ya 16 kwenye njia kuu ya meli kuelekea Stockholm. Msomaji aliyewahi kusimama juu ya kuta za Fort Jesus mjini Mombasa akaona jinsi zinavyoutazama mlango wa bandari, ataelewa mara moja kwa nini Vaxholm ilijengwa pale ilipojengwa.

Mnamo 1902, vikosi vya mizinga vya Vaxholm na Karlskrona viliunganishwa na kuwa kikosi kimoja cha kitaifa cha mizinga ya pwani. Falsafa yake ilikuwa rahisi. Taifa dogo haliwezi kushindana na Urusi kwa idadi ya manowari katika bahari wazi. Linachoweza kufanya ni kumsubiri adui katika vichochoro vya maji ambavyo wenyeji wanavijua na mgeni havijui, na kumlipiza gharama asiyoweza kuistahimili.

Wakati wa Vita Baridi, falsafa hiyo ilifikia upeo wake. Mizinga ilichimbiwa ndani ya miamba, ikafunikwa kwa mabamba mazito ya chuma na kupakwa rangi za mawe yaliyoizunguka. Chini yake kulikuwa na vyumba vya kulala, jiko, ghala za risasi na mitambo ya umeme, vyote vikiwa vimefungwa kiasi kwamba wanajeshi wangeweza kuendelea kupigana hata baada ya shambulio la silaha za nyuklia au za kemikali. Katika mikondo ya bahari kulitegwa mabomu yaliyolipuliwa kutoka nchi kavu kwa amri ya afisa aliyekuwa akiangalia kwa darubini. Walioiendesha mitambo hiyo wengi wao walikuwa vijana wa kawaida waliokuwa wakitimiza utumishi wao wa lazima jeshini.

Hiyo ndiyo shule aliyosomea Syrén. Ilikuwa shule ya subira. Afisa wake hakutumwa kumfuata adui, bali alifundishwa kukijua kisiwa chake, kukipima kila kina cha maji na kungoja.

USIKU WA NYAMBIZI

Mwaka ulioithibitisha shule hiyo ni 1981. Jioni ya Oktoba 27, nyambizi ya Muungano wa Kisovieti, ambayo Waswidi waliipa jina la U 137, ilikwama juu ya mwamba katika maji ya ndani ya Uswidi, karibu na kituo kikuu cha wanamaji cha Karlskrona. Walioiona kwanza hawakuwa wanajeshi wala mitambo ya kisasa. Walikuwa wavuvi, asubuhi ya siku iliyofuata.

Kwa siku kadhaa ulimwengu ulishikilia pumzi. Wataalamu wa Uswidi walipima kutoka nje ya nyambizi hiyo na kupata ishara za madini ya urani, jambo lililozua imani kwamba ilikuwa imebeba silaha za nyuklia. Nje ya mpaka wa bahari, manowari za Kisovieti zilikuwa zikisubiri. Waziri Mkuu Thorbjörn Fälldin alimwagiza Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Lennart Ljung, ahakikishe kwamba mpaka haukiukwi.

Katika usiku mmoja wa dhoruba, vyombo viwili vilionekana kwenye rada vikielekea Karlskrona kwa kasi. Mizinga ya pwani iliwekwa tayari kufyatua. Kabla ya amri ya mwisho kutolewa, ilibainika kwamba vyombo hivyo vilikuwa meli za mizigo za Kijerumani zilizokuwa zikipita njia yake ya kawaida. Nyambizi iliruhusiwa kuondoka Novemba 6, na vita ambavyo vingeweza kuzuka kwa sababu ya doa kwenye kioo cha rada vikaepukwa.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1982, jeshi la Uswidi lilifanya msako mkubwa wa nyambizi katika ghuba ya Hårsfjärden, kusini mwa Stockholm, na mabomu ya kikosi cha pwani yakalipuliwa. Hakuna nyambizi iliyonaswa. Tume iliyoundwa na serikali ilitoa ripoti mnamo 1983 na kuelekeza kidole kwa Wasovieti, ingawa uchunguzi wa baadaye uliokamilika 2001 ulisema haikuwezekana kubainisha kwa yakini nyambizi hizo zilikuwa za nani.

Kwa afisa kijana wa pwani wa enzi hiyo, mafunzo yalikuwa mawili. La kwanza, mpaka wa bahari ni kitu halisi kinachoweza kuvukwa usiku wa giza. La pili, mlinzi anayekosa taarifa sahihi anaweza kuitumbukiza nchi yake vitani kwa kuipiga meli ya nafaka. Yamkini si sadfa kwamba Syrén, alipopanda vyeo, aliishia kuongoza idara ya ujasusi na usalama wa kijeshi, wadhifa alioushikilia kuanzia 1999 hadi 2003.

AMANI ILIYOKUJA NA MSUMENO

Kufikia wakati huo adui aliyekuwa akisubiriwa ndani ya miamba alikuwa ametoweka. Muungano wa Kisovieti ulisambaratika 1991. Manowari zake zikaoza bandarini. Poland, na baadaye mataifa ya Estonia, Latvia na Lithuania, yalijiunga na Nato, haya matatu ya mwisho yakiingia 2004, mwaka ule ule Syrén alipotwaa uongozi wa majeshi. Bahari ya Baltiki ilianza kuonekana kama ziwa la marafiki.

Katika hali hiyo, wanasiasa wa Stockholm walijiuliza swali ambalo ni gumu kulilaumu: kwa nini kuendelea kuyalipia mamia ya mapango yenye mizinga yanayomsubiri adui asiyekuja? Mnamo 2000 kikosi cha mizinga ya pwani, baada ya umri wa karibu karne moja, kilifutwa. Mahali pake pakachukuliwa na kikosi kidogo zaidi cha wanajeshi wa pwani wanaotumia boti za kasi, chepesi na chenye uwezo wa kusafirishwa nje ya nchi. Makombora ya pwani yaliyobebwa kwa malori yaliondolewa pia. Mizinga iliyokuwa ndani ya miamba ilifungwa au kukatwakatwa, na michache, kama ile ya kisiwa cha Landsort, ikageuzwa kuwa makumbusho ya watalii.

Ni haki kusisitiza kwamba uamuzi huo ulitangulia uongozi wa Syrén. Alichokirithi mnamo Januari 2004 kilikuwa gari lililokwisha kuanza kuteremka mlima. Bunge lilikuwa limeamua kwamba jeshi la Uswidi liache kuwa jeshi la kuzuia uvamizi na badala yake liwe jeshi la kutumwa kokote lilikohitajika: Balkani, Afghanistan au barani Afrika.

Desemba mwaka huo, bunge lilipitisha awamu nyingine ya kupunguza jeshi. Kambi zikafungwa kote nchini. Gotland, kisiwa kilichoko katikati ya Bahari ya Baltiki na ambacho wanajeshi hukiita meli ya kivita isiyoweza kuzamishwa, kikabaki bila kikosi chake cha kudumu. Göteborg, bandari kubwa kupita zote katika taifa hilo, ikapoteza wanajeshi wake wa pwani. Aliyesimamia utekelezaji wa hayo yote alikuwa afisa aliyelelewa na mizinga ya pwani.

Hata hivyo, kupunguza hakukuishia hapo. Mnamo Septemba 2007, Waziri wa Ulinzi Mikael Odenberg alijiuzulu akipinga makato mapya ya bajeti yaliyokuwa yakishinikizwa na wizara ya fedha. Ilikuwa nadra kwa waziri wa Uswidi kuachia ngazi kwa sababu ya msimamo badala ya kashfa. Waziri aliondoka, lakini jenerali alibaki.

Je, alipaswa kubaki? Hili ndilo swali linalowagawa wadadisi hadi leo. Wapo wanaoamini kwamba jenerali anayeona nchi yake ikivuliwa ngao anapaswa kuweka kofia yake mezani. Wengine hushikilia kwamba katika demokrasia, mwanajeshi hushauri faraghani, hutahadharisha hadharani pale inaporuhusiwa, kisha hutii. Jeshi linaloyakataa maamuzi ya bunge kuhusu fedha leo, litakataa maamuzi ya bunge kuhusu mambo mengine kesho. Wasomaji wa bara la Afrika, ambako majenerali wengi wamewahi kuamua kwamba wanajua zaidi kuliko raia waliochagua serikali, hawahitaji kuelezwa hatari ya njia hiyo.

Mnamo Agosti 2008, mizinga ya Urusi ilinguruma Georgia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, baadhi ya viongozi wa Stockholm walianza kujiuliza iwapo adui wa zamani alikuwa amelala tu. Lakini Syrén alikuwa amebakisha miezi michache ofisini. Machi 2009 alimkabidhi uongozi Jenerali Sverker Göranson, na upeo wa macho yake ukahamia mbali kabisa na Baltiki.

KUTOKA BALTIKI HADI BAHARI HINDI

Wasomaji wa Afrika Mashariki wataukumbuka vyema msimu huo. Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina iliyokuwa ikielekea Mombasa ikiwa imebeba vifaru 33. Meli hiyo ilishikiliwa hadi Februari 2009. Meli za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) zilizopakia msaada Mombasa kuwapelekea Wasomali wenye njaa hazikuweza kusafiri bila ulinzi.

Desemba 2008, Muungano wa Ulaya (EU) ulianzisha operesheni yake ya kwanza ya majini, Atalanta, na jukumu lake la kwanza likawa kuzisindikiza meli hizo za chakula. Uswidi ilijitosa. Mnamo 2009 ilituma manowari ndogo za Stockholm na Malmö pamoja na meli ya usaidizi ya Trossö. Hizi zilikuwa manowari zilizoundwa kuwinda adui katikati ya visiwa vya Baltiki, kwenye maji baridi na mafupi. Sasa zilijikuta katika joto la Ghuba ya Aden. Mwezi Mei mwaka huo, Malmö iliwakamata washukiwa saba wa uharamia.

Mwaka uliofuata ilikuja meli ya Carlskrona, na kuanzia Aprili hadi Agosti 2010 ndiyo iliyobeba makao ya kamanda wa kikosi hicho baharini, afisa wa Uswidi Jan Thörnqvist. Meli hiyo inaeleza hadithi yote kwa ufupi. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa ajili ya kutega mabomu katika maji ya Uswidi, ili adui asipite. Miaka 30 baadaye, adui huyo akiwa amesahaulika, ilikuwa ikipiga doria pwani ya Somalia.

Syrén mwenyewe alikuwa Brussels. Alichaguliwa na wakuu wenzake wa majeshi kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kijeshi ya EU, wadhifa wa juu kabisa wa kijeshi katika muungano huo, na akauhudumu kuanzia Novemba 2009 hadi Novemba 2012. Mwenyekiti huyo haamrishi manowari. Operesheni ya Atalanta ilikuwa na kamanda wake aliyekuwa na makao Northwood, nchini Uingereza. Kazi ya mwenyekiti ni kuwaleta pamoja wakuu wa majeshi wa mataifa wanachama, kuyapatanisha maoni yao na kuwashauri viongozi wa kisiasa. Ni kazi ya kushawishi, wala si ya kuamuru.

Hata hivyo, ni katika kipindi chake ambapo maamuzi mengi yaliyoigusa kanda hii yalipitia katika meza hiyo. Mnamo 2010, EU ilianza kuwapa mafunzo wanajeshi wa Somalia katika kambi ya Bihanga nchini Uganda. Machi 2012, operesheni ya Atalanta ilipewa ruhusa ya kuwashambulia maharamia hata kwenye fuo zao, na mwezi Mei helikopta za EU zikaharibu boti na vifaa vyao katika pwani ya Somalia. Hapo hoja ilikuwa imezunguka na kurudi ilikoanzia. Hata walinzi wa bahari ya mbali walikuja kutambua kwamba vita vya majini huamuliwa ufuoni.

Takwimu zinaonyesha ufanisi. Shirika la Kimataifa la Masuala ya Majini (IMB) lilirekodi mashambulizi 237 yaliyohusishwa na maharamia wa Kisomali mnamo 2011. Mwaka uliofuata yalishuka hadi 75, na 2013 yakawa 15 pekee. Manowari zilichangia, sawa na walinzi wenye silaha walioajiriwa na kampuni za meli.

Lakini gharama nyingine ilibebwa na wenyeji wa kanda. Machi 2009, Kenya ilikubali kuwapokea na kuwashtaki washukiwa walionaswa na manowari za EU. Mahakama za Mombasa zikalemewa na gereza la Shimo la Tewa likajaa, hata ikabidi mahakama maalumu ijengwe huko na kufunguliwa Juni 2010 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Aprili mwaka huo, Nairobi ilikuwa tayari imetoa ilani ya kujiondoa katika mkataba huo, ikilalamika kwamba mataifa mengine yalikuwa yameiachia mzigo usio wake peke yake.

Na wakati manowari za kigeni zilipokuwa zikiwasaka maharamia mamia ya kilomita baharini, boti ndogo zilikuwa zikitua Lamu. Septemba na Oktoba 2011, wageni walitekwa nyara katika fuo za kaunti ambayo leo inabeba jina hilo na kupelekwa Somalia. Katikati ya Oktoba, wanajeshi wa Kenya walivuka mpaka. Manowari za Atalanta zilikuwa zimetumwa kulinda njia za biashara ya dunia, na kazi hiyo zilikuwa zikiifanya. Ufuo wa Kiwayu na Manda haukuwa katika ramani ya kazi yao.

BEI YA KUREJEA NYUMBANI

Syrén aliondoka Brussels Novemba 2012. Miezi michache baadaye, nchi yake iligutuka.

Mrithi wake, Jenerali Göranson, alieleza katika mahojiano yaliyochapishwa mwishoni mwa 2012 na mapema 2013 kwamba Uswidi ingeweza kujihami dhidi ya shambulio la eneo moja kwa takriban wiki moja. Usiku wa Ijumaa Kuu mwaka 2013, ndege za kivita za Urusi zilifanya mazoezi ya kushambulia karibu na anga ya Uswidi, na hakuna ndege ya Uswidi iliyopaa kuzikabili. Zilizopaa ni za Denmark, chini ya Nato. Mnamo 2014, Urusi ilitwaa Crimea, na Oktoba mwaka huo jeshi la Uswidi likajikuta tena likiwinda chombo cha chini ya maji katika visiwa vya Stockholm, kana kwamba miaka 30 haikuwahi kupita.

Kuanzia hapo safari ya kurudi ilianza. Septemba 2016, wanajeshi 150 waliokuwa mazoezini Gotland waliamriwa wasiondoke. Mwaka huo huo makombora ya pwani ya kubebwa kwa malori, yaliyostaafishwa 2000, yakarejeshwa kazini. Utumishi wa lazima jeshini, uliositishwa 2010, ukarudishwa kwa uamuzi wa 2017. Kikafuata kikosi cha Gotland, kisha kile cha Göteborg. Urusi ilipoivamia Ukraine kikamilifu Februari 2022, mjadala wa Nato haukuchukua hata miezi minne kabla ya ombi la uanachama kuwasilishwa.

Matukio yaliyofuata yalionyesha kwamba ufuo wa leo si mchanga na miamba pekee. Septemba 2022, mabomba ya gesi ya Nord Stream yalilipuliwa chini ya Bahari ya Baltiki, baadhi katika eneo la kiuchumi la Uswidi. Novemba 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilikatika chini ya bahari hiyo hiyo. Adui, kama yupo, hahitaji tena kuteketeza vijiji. Humtosha kuburuta nanga.

Kinachoumiza ni kwamba vitu vilivyobomolewa kwa miezi michache vinajengwa kwa miaka mingi. Mzinga uliokatwa kwa moto hauungwi tena. Afisa aliyestaafu na ujuzi wa mkondo wa maji wa kisiwa fulani haachi ujuzi huo katika faili. Kambi iliyouzwa ikawa makazi ya kifahari hairudi kuwa kambi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini anayekaa mno ugenini huikuta ngama imejaa maji.

LAWAMA NA FUNZO

Itakuwa rahisi kumtwika Syrén mzigo wote huu, na pia itakuwa dhuluma. Hakuwa mbunge wala waziri. Aliyoyatekeleza yaliamuliwa na serikali za mirengo yote miwili, kushoto na kulia, na yakaungwa mkono na wapigakura waliotaka fedha zao ziende kwingine. Katika 2004, hoja za kupunguza jeshi zilikuwa na mashiko. Aliyetabiri kuvamiwa kwa Ukraine wakati huo angeonekana mtu anayeota mchana.

Aidha, mchango wa Uswidi katika Bahari Hindi haukuwa wa bure. Chakula kilifika Mogadishu. Mabaharia walirudi makwao. Mtu anayedai kwamba taifa la kaskazini halikuwa na biashara katika bahari hii anasahau kwamba mizigo inayopita Ghuba ya Aden huishia katika maduka ya Göteborg sawa na ya Nairobi.

Kosa, kama lilikuwepo, lilikuwa la kuamini kwamba taifa linaweza kuchagua kazi moja na kuisahau nyingine. Walinzi wa ufuo wa 1981 walijua namna ya kungoja, lakini hawangeweza kusafiri. Wale wa 2009 waliweza kusafiri, lakini nyumbani hakukuwa na aliyesalia kungoja. Katika maisha ya afisa mmoja, Uswidi ilihama kutoka ncha moja hadi nyingine, kisha ikalazimika kurudi katikati kwa gharama kubwa.

Funzo hilo halihitaji kusafirishwa mbali. Kenya ilianzisha kikosi chake cha walinzi wa pwani mnamo 2018, baada ya kutegemea kwa muda mrefu jeshi la wanamaji na msaada wa wageni. Desemba 2023, maharamia waliiteka meli ya Ruen, na Machi 2024 wakaiteka Abdullah, wakithibitisha kwamba utulivu wa miaka kumi ulikuwa usingizi, si kifo. Manowari za kigeni bado zinakuja na kuondoka katika maji haya kulingana na bajeti na siasa za makwao. Siku Baltiki inapochafuka, ni wazi zitageuza nyuso zao kaskazini, kwa kuwa kila mja huanza na mlango wake.

Mnamo 1981, nyambizi ya U 137 haikugunduliwa na jenerali. Iligunduliwa na wavuvi waliojua kwamba mwamba ule haukuwa na umbo lile jana yake. Taifa lolote linaloutaka ufuo wake uwe salama halina budi kuanza kwa kuhakikisha kwamba wavuvi wake bado wapo majini, kwamba wanaaminiwa, na kwamba wanapopiga ripoti kuna mlinzi wa karibu wa kuipokea.